Seneta wa upinzani, ushuru wa nyumba na tingatinga la Mukuru

Swali la msomaji: "Wakili, salamu. Mimi ni fundi wa kushona, nakaa Mukuru kwa Reuben, Nairobi. Mei 2024, baada ya mafuriko, tingatinga lilibomoa ploti tuliyokuwa tumepanga kando ya mto Ngong. Mume wangu ameajiriwa kiwandani na kila mwezi anakatwa ushuru wa nyumba. Nasikia Seneta Okiya Omtatah alienda kortini kuupinga ushuru huo, na tena akasimama na vijana waliotekwa nyara. Watu wanamsifu sana. Mimi kwangu sijaona kilichobadilika. Mtu wa upinzani anatufanyia kazi gani hasa? Na haya mafuriko yanayotufukuza kila mwaka, nani kati yao anayashughulikia?"

Jibu:

Dada, pole sana kwa nyumba. Nitaanza na ushuru, kwa sababu hapo kazi ya Omtatah inaweza kupimwa kwa tarehe na hukumu. Sifa za mitandaoni tuziweke kando kidogo.

Makato hayo yaliletwa na Sheria ya Fedha ya 2023: asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla haujaguswa na kitu kingine, na mwajiri anaongeza asilimia 1.5 yake. Mume wako akilipwa shilingi 20,000, hiyo ni shilingi 300 zake na 300 za kampuni, na zote zinapitia KRA, mamlaka ya kukusanya kodi. Omtatah, seneta wa Busia tangu 2022, alikuwa mstari wa mbele miongoni mwa walioipeleka sheria hiyo kortini. Tarehe 30 Juni 2023, Jaji Mugure Thande aliisimamisha kwa muda. Kabla ya Julai kuisha, Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio na makato yakaendelea. Kisha tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wa Mahakama Kuu, David Majanja, Christine Meoli na Lawrence Mugambi, wakaamua kwamba ushuru wa nyumba ulikuwa kinyume cha Katiba.

Ni vizuri kujua walisema nini, kwa kuwa wengi walishangilia bila kusoma. Majaji hawakusema kwamba serikali haiwezi kuwatoza watu ili ijenge nyumba. Walisema mambo mawili makubwa: kwamba ushuru ule haukuwa na mfumo kamili wa kisheria wa kuusimamia, na kwamba kuwatoza walioajiriwa peke yao huku wengine wenye kipato wakiachwa ni ubaguzi usio na sababu iliyoelezwa.

Tarehe 26 Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kurefusha muda wa kuendelea kukata pesa hizo wakati rufaa ikisubiriwa. Ukimuuliza mume wako aitafute payslip yake ya Februari mwaka huo, kuna uwezekano mkubwa mstari wa ushuru wa nyumba hautakuwepo. Huo ndio ushindi uliofika mfukoni, na ulidumu wiki chache tu. Serikali ilirudi Bungeni na dawa ya kasoro zote mbili. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ilitiwa saini tarehe 19 Machi 2024 ikiwa na hazina yake, bodi yake na maelezo ya matumizi. Ile hoja ya ubaguzi nayo ikajibiwa kwa njia ambayo sidhani walalamishi waliitamani: badala ya kuwaondolea waajiriwa mzigo, Bunge likawaongeza wasioajiriwa. Wewe unayeshona, ambaye 2023 hukuguswa, sheria ya 2024 inakugusa, kwa asilimia 1.5 ya kipato chako. Kukusanya pesa hizo kwa fundi wa Mukuru ni kazi nyingine, lakini kwenye karatasi umo.

Kesi za kuipinga sheria hiyo mpya zilianguka Mahakama Kuu tarehe 22 Oktoba 2024. Wiki moja baadaye, tarehe 29, Mahakama ya Upeo ikatengua uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa mwezi Julai uliokuwa umeibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 nzima. Kwa hiyo mwisho wa safari, upande wa Omtatah ulishindwa, na makato yapo mpaka leo.

Sasa unaweza kusema: si ndivyo nilivyosema mimi? Ngoja kidogo. Tofautisha ushuru wa Julai 2023 na huu wa leo. Ule wa kwanza ulikuwa kifungu kilichochomekwa ndani ya sheria ya kodi, hakuna anayejua pesa zitakaa wapi na nani atapata nyumba. Huu wa sasa una bodi inayoweza kuitwa na kuhojiwa, na una madaraja yaliyoandikwa: nyumba za jamii ni za watu wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na za bei nafuu ni za wenye kati ya 20,000 na 149,000. Ukikuta nyumba iliyojengwa kwa jina la daraja lako imekwenda kwa mtu mwenye magari mawili, leo una kifungu cha kumshikia mtu shati. Mwaka 2023 ungekuwa na malalamiko tu. Kwa maoni yangu hilo ndilo tunda la kesi zile, ingawa hakuna mwanasiasa atakayelichapisha kwenye bango la kampeni.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Mei 2025 Rais alikabidhi nyumba 1,080 za kwanza za mradi wa Mukuru, unaotarajiwa kufikisha nyumba 13,248, na chumba kidogo kabisa kinalipiwa shilingi 3,900 kwa mwezi hadi kiwe chako. Wanaoishi humo hawawezi kuambiwa kwamba ushuru ni bure. Mahakama haijengi nyumba, na seneta hajengi nyumba. Ila kiulize chumba hicho maswali ya Mukuru yenyewe: shilingi 3,900 ni nafuu kwa nani, wakati kuna familia zinazolipa pungufu ya hapo kwa chumba cha mabati, na ambazo mwezi kazi ikikauka humbembeleza landilodi awasubiri? Hazina ya serikali haibembelezwi. Swali hilo linafaa kuulizwa na upinzani ndani ya Bunge kila bajeti inaposomwa, na ningefurahi kulisikia mara nyingi zaidi ya ninavyolisikia.

Kwa nini basi Omtatah hukimbilia kortini badala ya kupigana Bungeni? Hesabu yenyewe ni ndogo. Seneti ina watu 67. Mswada wa Fedha, ambao ndio unaoleta kodi, haupiti Seneti kabisa. Huamuliwa na Bunge la Kitaifa, ambako serikali ina wingi. Kisha tangu Agosti 2024, vigogo wa ODM, chama kikubwa cha upinzani, kama John Mbadi, Hassan Joho, Opiyo Wandayi na Wycliffe Oparanya waliingia Baraza la Mawaziri, na Machi 2025 Raila Odinga na Rais William Ruto wakatia saini mkataba wa ushirikiano. Upinzani uliochaguliwa 2022 kwa jina hilo umegawanyika vipande, nusu mezani, nusu nje. Katika hali hiyo mlango unaobaki wazi ni Kifungu cha 22 na cha 258 vya Katiba, vinavyomruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa niaba ya wengine au kwa maslahi ya umma, hata kama yeye binafsi hajaumizwa. Omtatah ameutumia mlango huo tangu zamani kabla ya kuwa seneta. Si wakili kwa taaluma, na mara nyingi husimama mwenyewe mbele ya majaji na mafaili yake. Sisi mawakili tulikuwa tukimcheka kidogo. Siku hizi tunanukuu hukumu za kesi zake.

Wapo wanaomwona mtu wa kukwamisha kila mradi. Lawama hiyo ina uzito wake, maana kesi ikisimamisha mradi, kibarua aliyekuwa akisukuma wilbaro kwenye jengo hupoteza mshahara wa siku hiyo, si waziri. Lakini mahakama isiyoletewa kesi haiwezi kujipeleka yenyewe, na serikali isiyotarajia kesi huandika sheria kwa uvivu. Tulishaona.

Tuje kwenye tingatinga.

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua karibu watu 300 nchini. Wanasayansi waliozichunguza walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yalizidisha nguvu ya mvua hizo kwa takriban asilimia 5, na wakasisitiza kwamba maafa yalitokana zaidi na jinsi miji yetu inavyokua: watu wengi kwenye mabonde, mitaro hakuna, mto umebanwa. Mwisho wa Aprili serikali iliamuru walioko kando ya mito wahame, kwa notisi iliyohesabiwa kwa saa, si kwa miezi. Waliobaki walikuta mashine mlangoni, Mathare na kwenu Mukuru. Tarehe 6 Mei Rais akiwa Mathare aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoathirika.

Sheria inasema nini? Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa 2016, inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kumfurusha mtu, hata yule anayekaa pale bila kibali. Inataka maafisa wajitambulishe na waonyeshe idhini, wanawake, watoto, wazee na wenye ulemavu walindwe, na mwenye nyumba apewe kwanza nafasi ya kubomoa mwenyewe na kuokoa vitu vyake. Soma tena hilo la mwisho, dada. Mabati, mbao na mlango ni mtaji. Mtu akipewa siku moja ya kuyang'oa, anaweza kusimamisha chumba kwingine wiki hiyo hiyo. Tingatinga likipita juu yake, anaanza na sufuri. Na wewe mpangaji, ambaye mabati si yako, kilichokuwa chako ni cherehani, kitanda na vitambaa vya wateja. Kwa bahati mbaya, orodha za fidia mjini Nairobi hupenda kuhesabu wenye ploti na kuwasahau wapangaji.

Serikali itasema ilikuwa dharura, na mto kweli ulikuwa umefurika. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Dharura inatosha kumtoa mtu kwenye hatari usiku huo huo. Haitoshi kubomoa anapoishi wakati hujamwonyesha pa kwenda. Mahakama ya Upeo iliamua jambo la karibu na hilo Januari 2021, katika kesi ya Mitu-Bell, ya wakazi wa kijiji cha Mitumba karibu na uwanja wa ndege wa Wilson waliobomolewa 2011. Ilisema kwamba watu waliokaa muda mrefu kwenye ardhi ya umma, wakajenga makazi na kulea watoto hapo, huwa na haki ya makazi inayolindwa, hata kama hawana hati ya kumiliki. Ilichukua karibu miaka kumi, na walioisukuma ni chama cha wakazi wenyewe. Hakuna mwanasiasa jina lake limo kwenye kichwa cha kesi hiyo.

Hapo ndipo ninapoulaumu upinzani wetu bila kuuma maneno. Mei 2024 wengi walifika Mathare, wakapiga picha matopeni, wakailaani serikali na wakaondoka. Silaha ilikuwa tayari, hukumu ya 2021 na ile notisi ya miezi mitatu. Mwezi mmoja baadaye nchi nzima ilikuwa kwenye Mswada wa Fedha wa 2024, na tarehe 25 Juni waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikalia, kesho yake Rais akauondoa mswada. Ilikuwa haki kabisa kuupinga mswada ule. Lakini watu wa kingo za mito walitoka kwenye habari na hawakurudi.

Hayo ya vijana waliotekwa nayo usiyaone kama jambo la mbali na wewe. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 vya utekaji tangu maandamano ya Juni. Tarehe 30 Desemba Omtatah alijiunga na waandamanaji katikati ya Nairobi, wakajifunga minyororo pamoja, polisi wakarusha vitoa machozi na kumkamata yeye na wengine. Siku chache baadaye, Januari 2025, kadhaa kati ya waliokuwa wametoweka waliachiliwa. Mambo mengi yalichangia: amri za mahakama, kelele za familia, aibu mbele ya dunia. Sitampa mtu mmoja sifa yote. Ila seneta akikamatwa habari hupata picha, na picha ile huwalinda hata wasio na cheo waliokamatwa naye. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Mtu aliyechukuliwa na gari lisilo na nambari hana saa 24. Hana hata rekodi kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Na katika mtaa kama wenu, anayeitisha mkutano wa kupinga ubomoaji ndiye wa kwanza kutafutwa. Haki ya nyumba haiwezi kudaiwa na watu wanaoogopa kukutana.

Kuhusu mafuriko yenyewe, umeuliza nani anashughulikia. Jibu fupi ni kwamba upinzani wa kitaifa umeyafanya mabadiliko ya tabianchi kuwa hotuba ya msimu wa mvua. Kazi nzito imefanywa na wakazi. Lamu walipinga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likafuta leseni yake kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Kwenu Mukuru, 2017 kaunti ilitangaza mtaa wote, Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo la mpango maalum, na wakazi wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la watu wa mitaa ya mabanda, wakachora barabara, mitaro na maji nyumba kwa nyumba. Mpango huo ungefuatwa kwa dhati, swali la nani ahame na aende wapi lingejibiwa kabla ya mvua.

Sasa kitu ambacho wengi hawakijui. Mitaro ya maji ya mvua mjini ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba. Na kazi ya seneta, kwa Kifungu cha 96, ni kusimamia pesa za taifa zinazopelekwa kaunti. Kwa hiyo seneta ana chombo cha tabianchi mkononi ambacho hakihitaji wingi wa kura wala kesi: kumwita gavana mbele ya kamati ya hesabu na kumuuliza mtaro wa Mukuru umefika wapi na pesa zake ziko wapi. Na seneta wako si Omtatah. Yeye ni wa Busia, na ana Budalang'i yake inayofurika mto Nzoia unapovunja kingo. Wako ni Edwin Sifuna, aliyechaguliwa na Nairobi 2022. Mwandikie yeye barua, upeleke na nakala kwa karani wa Seneti, maana maombi rasmi ya wananchi kwa Bunge ni haki chini ya Kifungu cha 119 na hayaishii kwenye simu ya mtu.

Kuna na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Kifungu chake cha 23 kinamruhusu mtu kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi dhidi ya yeyote anayekwamisha juhudi za kukabiliana na mabadiliko hayo, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara. Ni mlango mpana, na wanaobisha ni wachache mno.

Kwa upande wako, usiende peke yako. Tafuta wapangaji wenzako wa ile ploti, hata mkiwa wachache, muandike majina, vitu vilivyopotea na bei yake, tarehe na saa mashine ilipofika, na kama kuna aliyesoma notisi yoyote. Mwenye picha za simu azihifadhi zikiwa na tarehe yake, asizikate wala kuzipamba. Risiti za M-Pesa za kodi mliyokuwa mnamlipa landilodi ni ushahidi mzuri wa kwamba mliishi pale na kwa muda gani. Zinapatikana hata kama karatasi zilisombwa. Aliyepata zile 10,000 aseme amepata, na asiyepata aandike hivyo. Pelekeni hayo Kituo cha Sheria, wanaosaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kesi za kikatiba hazina tarehe kali ya mwisho kama madai ya kawaida, lakini jaji huuliza kwa nini mlichelewa, na kila mwaka unaopita jibu linakuwa gumu zaidi. Msingoje mvua nyingine ipite.